Chumba cha 36 cha Shaolin: vijana wetu wamechukua nini ndani yake?

Hapa Bukavu, ukitaja kung-fu mbele ya wazazi, wengi wanawaza mara moja ngumi, mateke na maibobo. Mawazo hayo hayakutoka China, yalitoka katika sinema. Kwa hiyo ni vizuri tuchunguze sinema moja ambayo wapenzi wa mchezo huo wanaijua sana: «La 36e Chambre de Shaolin», iliyotengenezwa Hong Kong mwaka 1978 na Lau Kar-leung, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa kung-fu.

Hadithi yake si ngumu. Kijana San Te anawakimbia watawala wa Manchu waliowaua watu wake, anafika kwa watawa wa Shaolin akitaka kujifunza kupigana. Kuna vyumba 35 vya mafunzo. Yeye anataka kuingia moja kwa moja kile cha juu kabisa, na humo anafukuzwa. Njo anaanza chini: kuvuka maji juu ya kitu kinachoelea, na anayeanguka anakosa chakula. Kisha anabeba ndoo za maji mikono ikiwa imenyooka, visu vimefungwa kwenye mikono. Akiishusha, anajichoma mbavu.

Sehemu kubwa ya sinema ni mazoezi hayo, si mapigano. Hapo ndipo uzuri wake. Neno kung-fu lenyewe maana yake ni ujuzi unaopatikana kwa kazi na muda mrefu. Hata mpishi anaweza kuwa nao. Wazee wetu hawangeshangaa: kwa mhunzi, kijana alianza na mivukuto, si na nyundo.

Lakini tuseme kweli, sinema hii ina kasoro mbili. Ya kwanza, jasho lote lile linaishia katika kisasi. Mtoto anapiga makofi mwishoni, anatoka nje na kuiga teke tu. Zile ndoo za maji amekwisha kuzisahau. Ya pili, mashujaa ni vijana wenye misuli, utafikiri mtu akifika miaka 40 mchezo umekwisha. Kumbe huko China, asubuhi katika bustani za miji, wengi wanaofanya taijiquan ni wazee, wanaume kwa wanawake. Mwaka 1956 serikali yao ilitengeneza mfululizo mfupi wa hatua 24 ili kila raia aweze kujifunza, na mwaka 2020 UNESCO iliandika taijiquan katika urithi wa ubinadamu. Waganga wamechunguza na kuona kwamba inawasaidia wazee wasianguke ovyo. Sisi tunaopanda na kushuka Kadutu wakati wa mvua, tunajua mama mzee akianguka kinachofuata ni nini.

Wengine watasema: katika mji wa vita, kufundisha vijana kupigana ni kuongeza kuni motoni. Mimi naona kinyume. Bukavu imeona watu wa silaha wakiingia 1996, 2004 na 2025. Bunduki haimwulizi mtu miaka ya mazoezi; kijana anaipokea leo, kesho anaogopwa. Kung-fu ya kweli inamnyima nguvu hiyo ya haraka. Inamfundisha kurudia jambo moja dogo kila siku, bila kusifiwa, mpaka uzeeni.

Ila hayo yanategemea mwalimu. Mzazi, usimwulize paka rangi ya mkanda wake. Angalia wanaoanza wanafanya nini: wanafagia uwanja? wanafika kwa saa? Angalia kama kuna mwanafunzi wa miaka 50 anayeendelea. Kama ni kupigana tu tangu siku ya kwanza, mtoe mtoto wako.

Jina la sinema lenyewe linatusaidia. Vyumba vilikuwa 35. Cha 36 ni kile ambacho San Te aliomba kifunguliwe kwa ajili ya watu wa kawaida, nje ya kuta za watawa. Vijana wetu wanakumbuka mateke, hawakumbuki ombi lile. Viwanja vya masomo yetu ni vitupu kila asubuhi saa kumi na mbili. Kuanzia hapo hakuombi feza nyingi, kunaomba mtu wa kufika kila siku.