Tone la Maji Juu ya Nepi

Nepi za kitambaa siku hizi husifiwa kwa mambo mawili: weupe na harufu. Mzazi akianika kambani dazeni ya nepi zinazong'aa na kunukia waridi, majirani humwita hodari, na kesho yake yeye ndiye anayefundisha wenzake. Kama nepi hizo zinanyonya, hakuna anayeuliza. Nyingi hazinyonyi. Mkojo hutiririka mapajani, mtoto hubabuka matako, na lawama hutupiwa kitambaa, kana kwamba pamba ndiyo iliyojifua.

Ubora huanzia kwenye kitambaa chenyewe. Kinachofaa ni pamba tupu: melimeli, flana, taulo lenye nyuzi ndefu na, kwa mtoto ambaye kitovu hakijakatika, kanga kuukuu. Kanga kuukuu haina mpinzani, na hilo halina mjadala. Nepi za mfuko zenye vifungo vya kubana si mbaya, ila pedi yake ya nyuzi za plastiki hailazwi moja kwa moja juu ya ngozi, kwa kuwa hufyonza hata unyevu wa ngozi na kuiacha kavu. Muuzaji asiyelijua hili anauza maua yaliyochapwa tu. Pamba mpya nayo hutoka dukani na mafuta yake ya asili pamoja na wanga wa kiwandani. Haishibi maji sawasawa mpaka imefuliwa mara kadhaa, na anayeihukumu siku ya kwanza ameihukumu kabla haijawa nepi.

Ufuaji una utaratibu unaojulikana. Kinyesi huenda chooni, nepi husuuzwa kwa maji baridi, kisha hungoja kwenye ndoo yenye mfuniko imara, kwa sababu ndoo ya maji iliyo wazi ni hatari kwa mtoto anayetambaa. Hufuliwa kwa maji ya moto, asubuhi. Nepi haifuliwi na soksi. Jiki haimwagwi kwenye ndoo yenye mkojo: vikikutana hutoa hewa ya sumu, na hata peke yake hula pamba na kulegeza mpira.

Kazi yenyewe imo katika kusuuza, na hapo ndipo wasiojua hupita bila kugeuka. Maji ya visima vilivyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kama ilivyo sehemu nyingi za pwani, ni magumu. Chokaa iliyomo hushikana na sabuni ya mche ikawa utando usioyeyuka, nao hung'ang'ania nyuzi. Dawa ya kulainisha nguo hufanya vilevile kwa makusudi kabisa, maana ulaini wake ni utando. Mafuta ya mgando anayopakwa mtoto huongeza tabaka la tatu. Yote haya hayaonekani kwa macho. Nepi ni nyeupe, ni laini, inanukia, na haiingizi maji. Mtoto akikojoa usiku, mabaki ya mkojo wa juzi huamka na kutoa ile harufu kali ya amonia, na mwenye nepi hukimbilia kuongeza sabuni, yaani kuongeza ugonjwa.

Kipimo ni tone moja la maji. Nepi kavu hutandazwa mezani, kidole huchovywa, tone huachwa lianguke lenyewe bila kusukumwa. Likizama papo hapo na kutanda, nepi ni safi. Likisimama limeviringana kama ushanga, nepi imeziba, hata iwe nyeupe namna gani. Tone la pili huangushwa karibu na pindo: katikati ndiko yanakokaa mafuta ya mgando, lakini pindoni, kitambaa kilipokunjwa mara mbili tatu, ndimo sabuni hujificha. Anayepima katikati peke yake bado mwanafunzi.

Palikuwa na dobi Mombasa asiyeanika nepi ya mteja kabla hajakamua maji ya mwisho kiganjani na kuyasugua kwa kidole gumba. Yakiteleza, nepi ilirudi beseni, hata kama jua lilikuwa linakwenda. Mwenzake wa mtaa wa pili alimalizia kila kitu kwa bluu na wanga. Weupe wake ulisifiwa mji mzima, na nepi zake zilikuwa ngumu za kusimama zenyewe. Bluu haisafishi chochote, hudanganya jicho tu. Ni yeye aliyekuwa na wateja wengi.

Nepi iliyoziba huponywa kwa maji ya moto bila sabuni, tena na tena, mpaka povu likatike. Maji ya mvua hayana chokaa na hayana mfano. Zamani pipa chini ya mchirizi lilikuwa la nepi kabla ya kuwa la kitu kingine chochote.

Kwa hiyo mshauri wa kuaminiwa hujulikana kwa swali lake la kwanza: maji ya nyumba hiyo yanatoka wapi? Anayeanza na jina la sabuni ana kitu cha kuuza. Tangu pampasi zienee, bibi wengi hawakupata wa kumrithisha elimu hii, na nafasi yao imejazwa na wenye sauti.

Kuanika ni juani, kambani. Nepi mbichi iliyoachwa kivulini au majanini huvutia inzi wa tumbu, ambaye funza wake huingia kwenye ngozi. Pasi ya moto pande zote mbili, na hasa pindoni, huua mayai. Wakati wa kumvisha mtoto, pini huchomekwa kwanza kwenye kipande cha sabuni ili ipenye kitambaa bila kulazimishwa, na mkono hutangulia ndani kuikinga ngozi.

Nepi za kurithi huulizwa zilitunzwa wapi. Zilizokaa sandukuni na naftalini hazivishwi mtoto mchanga. Mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao si haba pwani ya Afrika Mashariki na nchi za Ghuba, akikutana na naftalini chembe zake nyekundu za damu huvunjika, na manjano yakipanda sana huharibu ubongo. Nepi zisizotumika hukunjwa mara nne, si tatu, zikafungwa kwenye kanga safi na kuwekwa pakavu, bila kitu kingine chochote.