Safari Isiyosafiri

Jarida hili limezoea kuhakiki vitabu na tamthiliya. Leo naomba nihakiki mbio za magari. Msinicheke. Mbio nazo ni hadithi: zina mwanzo na mwisho, zina wahusika, zina mandhari, na zina hadhira. Hiyo hadhira ndiyo inayonisumbua. Hapa Tabora wapo wazee waliokuwa wakikesha na redio siku za Pasaka, wakitaka kujua gari la nani limepita na la nani limezama kwenye tope. Wazee hao hao, ukiwatajia Safari Rally leo, wanakuitikia kwa adabu tu, halafu wanakuuliza Simba na Yanga wanacheza lini.

Jibu la kijiweni ni kwamba wamezeeka, basi. Silikubali. Mzee aliyechoka mchezo hakeshi na mpira. Nilimuuliza mmoja, fundi gereji wa siku nyingi, akanijibu bila hata kuinua kichwa kutoka kwenye injini: "Mjukuu wangu, zamani gari likiondoka ulikuwa hujui kama litarudi. Siku hizi linazunguka pale pale, kama mbuzi wa kamba." Sentensi mbili. Nimesoma hakiki za kurasa ishirini zisizo na nguvu hiyo. Kazi yangu hapa ni kueleza kwa nini nadhani mzee yule ana haki.

Tuanze na jina, maana jina la kazi lina siri yake. Safari. Neno limetoka Kiarabu, lakini maana tuliyonayo sisi imekomaa kwenye njia ya hapa kwetu: Bagamoyo, Mpwapwa, Unyanyembe, Ujiji. Katika karne ya 19 mtu aliyeaga kwamba anakwenda safari hakumaanisha kurudi jioni. Alimaanisha miezi. Mpagazi wa Kinyamwezi alijitwika frasila mbili, yaani kama kilo 32, akamfuata kirangozi. Kila kituo kilikuwa na habari: nani kaugua, wapi hongo imepanda, wapi visima vimekauka. Tusiipambe sana njia hiyo. Ilibeba pembe za ndovu na ilibeba watumwa, na wengi waliopita humo hawakuchagua kupita. Lakini tukiitazama kama hadithi, ilikuwa na jambo moja kubwa: ilipita mlangoni kwa watu. Kijiji ambacho hakikumiliki hata jino moja la tembo bado kilikuwa na la kusimulia, kwa sababu msafara ulilala pale.

Si ajabu basi kwamba sehemu kubwa ya nathari yetu ya mwanzo ni ya safari. Tippu Tip alipoandika maisha yake kwa Kiswahili, aliandika safari. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha maandishi ya Waswahili akayaita Safari za Wasuaheli, na humo yumo Selim bin Abakari aliyefika mpaka Urusi na Siberia. Kabla hatujajifunza kuandika riwaya za mapenzi ya mjini, tulijua kuandika nani alipita wapi akakuta nini.

Sasa tuje kwenye magari. Inasimuliwa kwamba kule Nairobi Eric Cecil alimshauri binamu yake, Neil Vincent, ashiriki mbio za kuzunguka uwanja. Vincent akakataa. Alisema hakuna kinachochosha kama kuzunguka kipande kile kile cha njia. Lakini mkiandaa mbio za kufunga mlango wa gari, kukata nusu ya Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika ndiye mshindi, hapo mnihesabu. Wazo la kwanza likawa kulizunguka Ziwa Victoria, ila barabara za masika zikawatisha. Mwaka 1953 mbio zikafanyika kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Mwaka 1960 zikabadilishwa jina kuwa East African Safari.

Naam, zilianza kama mchezo wa walowezi wanaosherehekea malkia wao. Mhakiki asilifiche hilo. Lakini kazi ya sanaa ikishatoka mikononi mwa mtunzi haimtii tena, na mbio hizi hazikuwatii. Nitazipima kwa vipimo vile vile tulivyofundishwa shuleni.

Mandhari. Barabara hazikufungwa. Dereva alikutana na basi, lori la pamba, ng'ombe, na mama aliyetoka kuteka maji. Mvua za Pasaka zilikuwa mhusika kamili, na wakati mwingine mhusika mkuu. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na yakamaliza 7 tu. Nick Nowicki na Paddy Cliff wakashinda kwa Peugeot 404. Mwaka 1968 wakamaliza tena 7, na washindi ni wale wale. Ungetunga riwaya yenye mgongano kama huo, mhariri angekurudishia akisema umezidisha chumvi.

Wahusika. Hapa ndipo walowezi walipoporwa mchezo wao. Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi aliyezaliwa Kericho, alishinda akiwa na mdogo wake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika katika mbio. Yaani gari la mtumba, bwana, liliwapiga wenye viwanda! Joginder akashinda tena 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mtoto wa Uganda, alishinda 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982: mara tano. Hadi 1972, Hannu Mikkola wa Finland aliposhinda kwa Ford Escort, hakuna mgeni kutoka nje ya Afrika Mashariki aliyekuwa amefanikiwa kuwapokonya wenyeji ushindi. Wenye fedha walikuja na magari mapya na mafundi lukuki, lakini aliyeijua njia ndiye aliyefika.

Hadhira. Hii ndiyo hoja yangu. Mtazamaji wa Safari hakununua tiketi. Alitoka nje ya nyumba yake. Alikaa chini ya mwembe, akasubiri, gari likapita kwa dakika moja likamwachia vumbi na maneno ya mwaka mzima. Watoto wakatengeneza magari ya waya wakayapa majina ya madereva. Hata sisi wa mbali na njia, tuliosikia kwa redio, tuliisikia kwa masikio ya watu wa njiani. Mtu wa Tabora anajua maana ya kusubiri habari kutoka bara au pwani. Babu zake walisubiri hivyo hivyo.

Halafu zikaanza kukatwa. Katikati ya miaka ya 1970 mbio zikaacha kuvuka mipaka, zikabaki Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika. Kwetu Tanzania ile Safari yetu ikawa Safari ya jirani. Miaka ya 1990 zikazidi kubanwa ili zitoshe kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia, ambao Safari ilikuwamo tangu 1973. Ian Duncan wa Kenya alishinda 1994 kwa Toyota Celica. Tangu hapo hakuna mtu wa kwetu aliyeshinda Safari ikiwa katika ubingwa huo. Baada ya 2002, mwaka alioshinda Colin McRae, fedha na maandalizi vikagoma na Safari ikaondolewa kwenye ratiba ya dunia.

Ikarudi 2021. Sherehe kubwa, na nilifurahi kama wengine. Lakini soma fani yake mpya. Kitovu ni Naivasha. Njia zinafungwa, nyingi zikiwa ndani ya ranchi na hifadhi za watu. Mbio zilizozoea kukaribia au kupita kilomita 5,000 sasa zilikuwa na vipande 18 vya kushindania, jumla kilomita kama 320. Aliyeshinda ni Sébastien Ogier wa Ufaransa. Siwadharau madereva hawa: mawe ya Kedong na vumbi la pale vimevunja magari ya thamani ya kutisha. Na watazamaji wanajaa, tuseme ukweli. Vijana wa Nairobi wanakwenda Naivasha na mahema yao, muziki unapigwa ile mbaya. Ila hiyo ni hadhira mpya, iliyokwenda kwenye tamasha. Ya zamani, ile ya Kampala, Mombasa na Arusha, haijaitwa. Zamani Safari iliwafuata watu. Sasa watu wanaifuata Safari, kama wana nauli.

Mtu atauliza: je, ubaya ni kuzunguka? Hapana, na Wamarekani wanatusaidia kuona hilo. Wao wana mbio za magari yenye magurudumu wazi, na kuu kuliko zote ni ile ya Indianapolis, iliyoanza 1911: mizunguko 200 ya uwanja mmoja, maili 500. Wanazunguka tangu enzi za Wajerumani wako hapa kwetu, na watu walipenda. Uwanja ule ulikuwa nyumbani kwao. Mtu alikaa alipokaa baba yake. Kilichowachosha wapenzi wa miaka mingi ni ugomvi wa wakubwa. Mwaka 1996 ligi iligawanyika mbili: upande mmoja ukabaki na mbio yenye jina, upande mwingine na wengi wa madereva wenye majina. Walipoungana tena 2008, wengi walishazoea kutazama kitu kingine. Kule waliupasua uwanja wa nyumbani. Huku tuliikata njia ya nyumbani. Kosa ni moja. Mpenzi wa siku nyingi ana kipande chake ndani ya hadithi, na ukikikata kipande hicho usimlaumu akiondoka.

Wapo watakaosema: kijana, wacha kulilia ya kale. Barabara sasa ni za lami, magari ni mengi, na kuachia gari la mbio katikati ya mabasi na watoto wa shule ni kutafuta mauti. Hoja hii ni nzito na naikubali. Sidai mbio zirudi barabarani bila ulinzi. Tena nakubali kwamba wenye kumbukumbu wamejaribu: tangu 2003 kuna East African Safari Classic ya magari ya kale, na mara kadhaa imeingia Tanzania. Lakini gharama zake si za fundi wa Kericho mwenye gari la mtumba.

Ninachokataa ni ile sauti ya "zama zimebadilika" kana kwamba inamaliza mjadala. Tabora tumebadilikiwa na zama kuliko wengi. Mwaka 1912 reli ilifika hapa, mwaka 1914 ikafika Kigoma, na kazi ya upagazi kwenye njia ile ikafa. Je, watu waliipa reli mgongo? Wapi! Waliikimbilia, kwa sababu ilipita mahali msafara ulipopita, ikasimama. Mama wa Tabora akapata wa kumuuzia asali na maembe dirishani. Mzigo ulitoka begani ukaenda kwenye behewa, lakini mlango ulibaki njiani. Kwa hiyo mabadiliko si adui. Chombo kinaweza kubadilika kabisa, na hadhira ikabaki, ilimradi bado kinapita kwao.

Hapo ndipo uhakiki huu unapowahusu washikaji wenzangu wenye kalamu. Tunalalamika kila mkutano kwamba watu hawasomi, kwamba wazee waliokuwa wakinunua riwaya wameacha. Lakini tuhesabu hadithi zetu wenyewe. Ngapi zinatoka nje ya baa tatu na ofisi mbili za Dar es Salaam? Ngapi zinazunguka mapenzi, ukimwi, bosi na katibu muhtasi, raundi ya kwanza, raundi ya mia mbili? Tumejijengea Naivasha yetu, tukafunga geti, halafu tunashangaa mtu wa Goweko hatoki nje kutazama. Atatoka kutazama nini, na hatupiti kwake?

Mimi nasema mpenzi wa zamani hajapoteza hamu. Hamu anayo, ndiyo maana yule fundi alinijibu kwa uchungu namna ile. Mtu haoni uchungu kwa kitu asichokijali. Amepoteza njia tu, na njia si yeye aliyeihamisha.

Toleo lijalo ningependa kusoma hadithi inayopanda treni na kupita Tura, Malongwe, Igalula, Urambo, Kaliua, Nguruka mpaka Uvinza. Isiwe na haraka. Isimame kila kituo, ishushe mtu mmoja na kumpandisha mwingine. Atakayeiandika aitume kwa wahariri, na nakala moja anipe mimi. Najua gereji ya kuipeleka.