Mwiko Usio na Mwashi

Ukipewa kamera na kuambiwa upige picha ya kitu kizuri, bila shaka utatafuta ua, au mlima, au uso wa mtu umpendaye. Ni wachache mno watakaochagua spana. Walker Evans, mpiga picha wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1903 na kufariki mwaka 1975, aliichagua. Mwezi wa Julai 1955 gazeti la Fortune la nchi hiyo lilitoa picha zake tano za vyombo vya kazi, chini ya jina ambalo kwa Kiswahili twaweza kuliita "Uzuri wa Vyombo vya Kawaida". Vyombo vyenyewe ni mwiko wa mwashi, mkasi wa kukatia bati, koleo la midomo myembamba, spana, na chuma cha kufungulia makasha. Picha zote ni za nyeusi na nyeupe.

Ningependa, msomaji, uzitazame pamoja nami polepole. Kila chombo kimewekwa peke yake mbele ya mandhari tupu. Hakuna meza ya fundi, hakuna vumbi la mbao, hakuna mkono. Jicho halina pa kukimbilia, basi hulazimika kufuata ukingo wa chuma kama kidole kinavyofuata herufi za kitabu. Hapo ndipo twaona yale tusiyoyaona kila siku: jinsi shingo ya mwiko inavyopinda ili vidole vya mwashi visiguse chokaa, na jinsi mipini ya mkasi inavyotanuka ipate kushikwa na kiganja kizima, kwa maana bati halikatiki kwa ncha za vidole. Hakuna aliyeviumba hivyo ili vipendeze. Kazi ndiyo iliyovichonga.

Huenda ukauliza, kwa nini rangi zikaachwa? Jawabu langu ni kwamba chuma hakipotezi mengi kikinyimwa rangi. Ua likipigwa picha ya namna hii hupungukiwa na nusu ya uzuri wake. Lakini chuma ni kijivu tangu mwanzo, na habari zake zimo katika mwanga na kivuli: hapa pamenolewa, pale pamesuguliwa kwa tupa, pengine pameachwa kama palivyotoka kiwandani. Rangi ingetuvuta kwenye mpini uliopakwa wekundu, nasi tungesahau umbo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipita. Chini ya picha yaliandikwa maelezo mafupi pamoja na bei: mkasi dola 1.85, mwiko dola 1.35, spana ya Kijerumani senti 56. Kumbuka kwamba Fortune lilikuwa gazeti la wenye mali na wakuu wa makampuni. Kuwawekea watu hao spana ya senti 56 katika ukurasa mzima, kana kwamba ni kito cha sultani, ni utani wa mtu mwenye uso mkavu. Mimi naupenda utani huo. Bila bei zile picha zingekuwa za kupendeza tu. Pamoja nazo zina makali.

Wako wapiga picha wengi waliomfuata katika njia hii, na aghalabu wao hutafuta vyombo vikuukuu: msumeno uliooza, randa iliyopasuka, nyundo yenye kutu. Picha hizo hupendwa sana, nami nazitilia shaka. Kutu si alama ya kazi. Ni alama ya kuachwa. Tezo inayotumika hung'aa ukingoni, na mpini wake huwa laini na mweusi kwa jasho la kiganja. Patasi ya fundi mzee hujulikana kwa ufupi wake, kwa kuwa imenolewa miaka mingi hata ikaliwa. Mpiga picha asiyejua tofauti hiyo hutuonyesha uzembe na kuuita heshima ya kale. Evans hakuingia katika mtego huo: chuma chake ni kizima.

Walakini nami nina neno juu yake. Vyombo vile havina mwenyewe. Mwiko umesafishwa hata hatujui kama uliwahi kujenga ukuta, na baada ya kuutazama kwa muda mrefu nahisi baridi, kama ndani ya duka lililofungwa. Upungufu huu waonekana zaidi ukiweka kando yake picha aliyoipiga yeye mwenyewe huko Alabama mwaka 1936, alipotumwa pamoja na mwandishi James Agee kuchunguza maisha ya wakulima maskini wa pamba. Fortune ndilo lililowatuma, kisha halikuichapa habari ile. Ilitoka katika kitabu mwaka 1941. Picha ninayoitaja ni ya ukuta wa jiko. Mbao ni kavu, hazina rangi. Kipande chembamba cha ubao kimepigiliwa misumari, na nyuma yake vimechomekwa vyombo vya kulia. Hapa pia hakuna mtu wala mkono. Lakini yuko aliyekipigilia kijiti kile kwa sababu hakuwa na kabati, na kila siku baada ya chakula mtu alivirudisha vyombo vile mahali pake, kimoja kimoja.