Heko, Anthony Braxton

Santuri mbili nzima, saksafoni moja ya alto: hakuna ngoma, besi wala piano. Kabla ya Anthony Braxton kurekodi For Alto mwaka 1969, wapulizaji walikwishapiga kipande kimoja kimoja peke yao, lakini albamu kamili ya namna hiyo haikuwapo. Wapo walioiita kelele. Kweli kuna mahali inakwaruza sikio, na ndivyo mwenyewe alivyotaka.

Braxton alizaliwa Chicago mwaka 1945, akakomaa ndani ya AACM, chama cha wanamuziki Weusi wa mji huo walioamua kujisimamia wenyewe. Sanaa haikumlisha, kuna kipindi alijikimu kwa kucheza sataranji ya pesa katika bustani za New York. Hakulegeza kamba. Mwaka 1978 alirekodi utunzi wa okestra nne zikipiga kwa pamoja! Nyingi za tungo zake zina namba na michoro badala ya majina. Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Wesleyan, akamnoa mpigagita Mary Halvorson na wengine wengi.

Mwaka 2014 alitunukiwa NEA Jazz Master, heshima ya juu kabisa ya jazi nchini Marekani. Ilichelewa mno.