Tundu au Mrija? Uhakiki wa Kanuni ya Mtiririko wa Oili katika Pistoni ya Shokomzoba

Kanuni inayotumika sana kukokotoa mtiririko wa oili kupitia vitundu vya pistoni ya shokomzoba ni fupi. Ujazo unaopita kwa sekunde ni zao la kizidishi cha mtiririko, eneo la tundu, na kipeuo cha pili cha maradufu ya tofauti ya kanieneo ikigawanywa kwa densiti. Kizidishi hukadiriwa kuwa 0.61. Ufupi huo unavutia, lakini unaficha sharti.

Thamani ya 0.61 ni ya tundu lenye ukingo mkali katika bamba jembamba, namba ya Reynolds ikiwa kubwa. Kitundu cha pistoni hutobolewa katika chuma kinene. Ichukuliwe pistoni ya kipenyo cha milimita 30, fimbo yake milimita 12, vitundu vinne vya milimita 2, vali nyingine zikiwa zimefungwa, na oili yenye mnato wa kinematiki wa milimita mraba 10 kwa sekunde. Pistoni ikienda mita 0.1 kwa sekunde, oili hupita vitunduni kwa takribani mita 4.7 kwa sekunde, na namba ya Reynolds haifiki 1,000. Hapo mnato ungali na athari, ilhali kanuni haiutaji kabisa. Oili ikipata joto katika barabara ya vumbi yenye mawimbi, mnato hushuka na hesabu hubaki ileile.

Kanuni ya Hagen na Poiseuille huutaja mnato, lakini hudai mrija mrefu. Kitundu cha pistoni kimo kati ya hali hizo mbili. Kwa hiyo kizidishi chake hakina budi kupimwa. Neno “tundu”, likitumiwa kwa hali zote, hulifunika tatizo. Ingefaa “tundu” libakie kwa bamba jembamba, na “kijia” kitumike kwa pistoni.

Kanuni zote mbili zinakubaliana katika jambo moja: kwa mtiririko uleule, tofauti ya kanieneo hupungua kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Kipenyo kikizidi kwa asilimia 10, ukinzani hupungua kwa takribani asilimia 32, na gurudumu hushindwa kushika barabara inavyotakiwa.

Kwa hiyo, kiwango cha ubora wa vipuri kinachoridhika na hesabu kwenye karatasi hakimlindi abiria. Kinachohitajika ni kipimo cha nguvu dhidi ya kasi, oili ikiwa baridi na ikiwa moto.