Simba wa Ashu na Picha Tusizopiga

Toa ashu mfukoni uigeuze. Huyo simba ndiye simba ambaye wakazi wengi wa Nairobi wamewahi kumwona kwa karibu zaidi. Tangu sarafu mpya zitoke mwishoni mwa 2018 tunatembea na mbuga nzima mfukoni: twiga kwenye bob, kifaru kwenye kobole, simba kwenye ashu, ndovu kwenye mbao. Unampa kondakta ndovu, anakurudishia kifaru. Na bado msee anaweza kuzaliwa South B, asomee South B, apate kazi Industrial Area na astaafu bila kukanyaga Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambayo imekuwa hapo jirani tangu 1946.

Siku hizi mambo yanabadilika. Vijana wanatafuta kamera za mtumba, wanachangishana pesa za gari na mafuta, wanaamka saa kumi za usiku, na saa kumi na mbili wako langoni. Jioni picha ziko Instagram. Hawa si wapiga picha wa kulipwa. Wiki nzima ni makarani, wauguzi, walimu, watu wa kuuza bima. Jumapili wanakuwa watu wa porini. Ninawapenda, na mimi ni mmoja wao. Ndiyo maana nataka tuzungumze juu ya picha zetu jinsi tunavyozungumza juu ya riwaya au filamu: zinasema nini, zinaficha nini, na nani analipa gharama yake.

Nianze na kusema kwamba picha zetu zinafanana. Pitia kurasa kumi utaona picha tano zikijirudia. Simba akipiga miayo. Duma juu ya kichuguu. Ndovu na mwanawe, jua likizama. Nyumbu wakijitosa Mto Mara. Na ile yetu ya Nairobi: twiga mbele, maghorofa nyuma. Mwanga uko sawa, macho ya mnyama yako wazi kabisa, mandhari ya nyuma yameyeyuka kama siagi. Kiufundi ziko fiti. Lakini ukifuta majina ya waliozipiga, huwezi kujua ipi ni ya nani. Huwezi hata kujua kama aliyepiga ni wa Umoja au amefika na ndege jana.

Kufanana huku kuna historia. Ile orodha ya wanyama watano wakubwa tunayoihesabu kama pointi (simba, chui, ndovu, kifaru, nyati) haikutungwa na wapenda mazingira. Ilitoka kwa wawindaji, na walichokuwa wakihesabu ni ugumu na hatari ya kumwinda mnyama kwa miguu. Hata kamera yenyewe iliingia porini ikiwa imeshikana mkono na bunduki. Mwaka 1905 Mjerumani Carl Georg Schillings alichapisha kitabu cha picha za wanyama alizopiga katika nchi ambayo leo ni Tanzania, nyingine usiku kwa mwanga wa mweko, na jina la kitabu lenyewe liliweka mweko na bunduki pamoja. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Bunduki ikabaki nyumbani, orodha ikaendelea na safari. Na Kiswahili, kama kawaida yake, hakikuficha kitu: tunapiga risasi, tunapiga picha. Kitenzi ni kile kile.

Sasa tuangalie hiyo picha ya twiga na maghorofa, manake ndiyo tunayojivunia zaidi. Inavyotengenezwa ni rahisi. Unakaa mbali, unatumia lenzi ndefu, na lenzi ndefu ikipigwa kutoka mbali inabana umbali. Jumba lililo kilomita kadhaa nyuma linaonekana kama liko begani kwa twiga. Si uongo, ila pia si kile ambacho jicho lako liliona. Picha inasema: tazama, jiji na pori vinaishi pamoja kwa amani. Mtu wa London anaipenda, mtu wa Pipeline anaipenda, bodi ya utalii inaipenda.

Lakini geuza kamera digrii chache. Utapata reli ya SGR ikikatiza mbuga juu ya nguzo zake za zege. Geuza tena, uelekee kusini, upande ambao mbuga haina ua kamili. Huko ndiko nyumbu walikuwa wakitoka kila mwaka kwenda tambarare za Athi na Kapiti, kisha wakirudi kiangazi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa eneo hilo walihesabiwa kuwa zaidi ya 25,000. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2010 walikuwa chini ya 5,000. Katikati ya tarakimu hizo mbili kuna nyua, ploti za hamsini kwa mia, machimbo ya mawe, barabara na nyumba. Pengine mjomba wako ana ploti huko. Hiyo pia ni picha ya jiji na pori. Hatuipigi kwa sababu haipendezi, na kwa sababu ndani yake tumo sisi.

Kuna watakaoniambia kwamba picha ya wanyama ina sheria zake na haina haja ya kubeba siasa za ardhi. Sawa. Basi tuangalie hizo sheria. Mashindano makubwa zaidi ya aina hii huandaliwa na Natural History Museum ya London, na yamewahi kunyang'anya ushindi mara mbili kwa kelele nyingi. Picha iliyoshinda mwaka 2009, ya mbwa mwitu akiruka lango usiku, iliondolewa baada ya waamuzi kuamini kwamba mnyama yule alikuwa wa kufugwa. Kisha mwaka 2018 wakaiondoa picha iliyoshinda kitengo kimoja mwaka uliotangulia: mla mchwa wa Brazili akivamia kichuguu kinachong'aa gizani. Waamuzi walikata shauri kwamba mla mchwa yule alikuwa amekufa zamani na kukaushwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mimi nakubaliana na adhabu hizo. Ila angalia kilichoadhibiwa: uongo kuhusu mnyama. Uongo kuhusu mahali hauna adhabu. Ukipiga duma akiwa amezungukwa na magari ishirini, ukakata fremu hadi abaki yeye na nyasi, hakuna atakayekunyang'anya kitu. Utasifiwa kwa utulivu wa picha yako.

Najua, manake nilifanya hivyo. Tulikuwa sita kwenye gari la kukodi, Maasai Mara, safari tuliyoichangia kwa miezi. Siku ya pili dereva alisikia kwenye redio kwamba kuna duma jike na watoto. Tulipofika magari yalikuwa yameshatanda nusu duara. Dereva wetu, mzee mpole, akasimama mbali kidogo na kuzima injini. Sisi tukaanza kunung'unika.

"Mzee, songa kidogo tu. Hapa nyasi zinafunika."

"Kijana, tukisonga na yeye atasonga."

"Lakini wale wengine wako karibu!"

Akanyamaza, kisha akawasha gari. Alijua nani atalipa na nani atamsifu au kumlalamikia kwa mwenye gari. Nikapata picha yangu: mama ameinua shingo, mtoto mmoja anachungulia nyuma ya mgongo wake. Nikakata magari yote. Sijawahi kupata laiki nyingi kama siku hiyo.

Baadaye nikakutana na utafiti wa Femke Broekhuis kuhusu duma wa Mara, uliochapishwa 2018. Katika sehemu zenye watalii wachache, jike alikuza kwa wastani watoto 2.3 kwa kila uzao hadi wakajitegemea. Katika sehemu zenye watalii wengi, 0.2. Sababu zinazowezekana ni za kawaida tu: magari yanamharibia windo, yanamtenga na watoto, yanampa wasiwasi usiokwisha. Nikairudia picha yangu. Ile shingo iliyoinuliwa, niliyoandika chini yake kwamba ni fahari ya mama, ilikuwa inatuangalia sisi.

Hapa ndipo ukosoaji wa picha unaacha kuwa mambo ya ladha. Picha safi huzaa hamu ya picha safi nyingine. Anayeiona anataka kuja kuipata hiyo hiyo, na dereva wake ataambiwa asonge kidogo tu. Magari tuliyoyafuta kwenye fremu ndiyo tunayoyaita.

Aliyejaribu kurudisha kwenye picha vilivyofutwa ni Nick Brandt, Mwingereza ambaye kwa miaka mingi alipiga wanyama wa Afrika Mashariki kwa rangi nyeusi na nyeupe, bila lenzi ndefu, akiwasogelea kama mtu anayepiga picha za wazee wa ukoo. Mwaka 2016 alitoa Inherit the Dust. Alichukua picha zake za wanyama, akazichapisha kwa ukubwa wa mnyama halisi, akazibandika kwenye mbao kubwa na kuzisimamisha hapa Kenya, mahali ambapo wanyama hao hawapo tena: machimboni, kwenye jalala, karibu na viwanda, chini ya barabara ya juu. Kisha akapiga picha mandhari yote. Ndovu wa karatasi anasimama katikati ya takataka, na watu wanaendelea na shughuli zao kana kwamba hawamwoni.

Ni kazi nzito na ningependa kila mpiga picha wa Jumapili aitazame. Imefanya kile ambacho twiga wetu na maghorofa hawafanyi: imekataa kutubembeleza. Lakini kadiri ninavyoitazama ndivyo inavyonikera kwa jambo moja. Ndovu ana uso, ana heshima, ana mwanga wake. Watu ni vumbi. Wanaookota plastiki jalalani wamesimama kwenye fremu kama ushahidi wa uharibifu, ilhali aliyechora ramani ya kiwanda, aliyetoa kibali na aliyenunua ardhi ile kwa hekta hawaonekani popote. Macho ya mtazamaji yanamtafuta mkosaji, na aliye karibu ni maskini. Hilo nalo ni kukata fremu, tena kwa umaridadi.

Nadhani Brandt mwenyewe aliliona, manake mfululizo wake wa 2021, The Day May Break, unasimama tofauti. Ulipigwa Zimbabwe na Kenya. Watu waliopoteza makazi au riziki kwa ukame na mafuriko wameketi kwenye fremu moja na wanyama waliookolewa ambao hawawezi kurudi porini, ukungu wa kutengenezwa ukiwafunika wote. Wameketi kweli pamoja, kwa wakati mmoja. Na majina ya watu yapo, kando ya majina ya wanyama. Huo ukungu ni maigizo, lakini haujifichi. Mtu na mnyama wanaonekana wamepigwa na balaa moja. Kwangu hiyo ni hatua kubwa kuliko ndovu wote wa karatasi.

Sisi hatuna bajeti ya Brandt. Tuna kitu kingine: tunaishi hapa. Mgeni ana siku tatu na lazima arudi na simba. Wewe una kila Jumapili ya maisha yako. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, na mpenda picha wa Nairobi ana nafasi ya kwenda pole kuliko mtu yeyote. Unaweza kurudi bwawa lile lile mwaka mzima uone maji yakipungua. Mbuga hii ina zaidi ya aina 400 za ndege, na mara ngapi umeona mmoja wao kwenye ukurasa wa mtu? Huna hata haja ya kulipa kiingilio. Wale marabu wenye vipara walio juu ya miti karibu na Nyayo Stadium, wanaonyea magari ya watu foleni ikisimama, ni wanyamapori pia. Wana viota, wana ndoa, wana watoto, wana uhusiano na takataka zetu ambao ungejaza maonyesho mazima. Hawamo kwenye orodha ya mwindaji yeyote. Labda ndiyo sababu hatuwaoni.

Mwezi uliopita nilifungua tena faili la ile safari ya Mara. Nikaposti picha ya duma bila kuikata. Yumo yeye, mdogo, katikati. Yamo magari kumi na saba, paa zimeinuliwa, vichwa na lenzi vimechomoza kama shamba la mahindi. Pembeni kabisa, kushoto, kuna mkono umelala kwenye dirisha, shati la kaki, saa ya zamani. Laiki zilikuwa chache. Mtu mmoja aliuliza kama nimekosea kuposti.

Nikamtumia na yule mzee dereva, pamoja na kuomba radhi kwa ile siku. Alijibu kwa sauti, nyuma kukisikika injini ikinguruma. Aliniambia amewapeleka wageni wa kupiga picha tangu enzi za filamu, hawezi kuwahesabu. Kisha akacheka.

"Hii nitaweka, kijana. Huo mkono ni wangu."