Chapa ya Simba na Mkono wa Sonara

Kiswahili kimeipa madini na sarafu jina moja, fedha, na pengine ndiyo sababu msomaji wa visiwani akigeuza kijiko cha kale cha Kiingereza na kukuta chapa mgongoni mwake huiona kuwa habari ya bei tu. Chapa hizo ni maandishi. Zina sarufi yake na, kama maandishi yote, mwenye haraka huzisoma kombo.

Kijiko kilichopimwa London baada ya 1784 kwa kawaida hubeba alama tano: herufi za jina la sonara, simba atembeaye akiwa ameinua mguu wa mbele, kichwa cha chui, herufi ya mwaka, na kichwa cha mfalme kuonyesha kwamba ushuru umelipwa. Hii ya mwisho ilikoma 1890. Simba, aliyeanza kugongwa 1544, anashuhudia kuwa katika kila sehemu 1,000 za madini hayo, 925 ni fedha safi. Chui ni mji wa London. Birmingham na Sheffield zilipata ofisi zao za upimaji mwaka 1773. Ya kwanza ikachukua nanga, ya pili taji. Mtu wa pwani akiona nanga atadhani bandari, ilhali Birmingham haina bahari. Husimuliwa kwamba alama hizo mbili zilitokana na jina la baa ya London walikokutania waombaji wa ofisi hizo.

Herufi ya mwaka ndiyo yenye kutatiza zaidi. London ilizungusha herufi 20, kisha ikaanza upya kwa mwandiko mwingine, mara nyingi na ngao ya umbo jingine. Sheffield haikufuata hata mpangilio wa alfabeti hadi 1824. Basi herufi peke yake ni bubu. Mji husomwa kwanza. Pwani ya Afrika Mashariki, kwa upande wake, iliizoea fedha ya tabia tofauti kabisa: reale ya Maria Theresa, ambayo hata ilipogongwa karne ya 19 na ya 20 iliendelea kubeba mwaka 1780.

Lakini upungufu wa usomaji uliozoeleka umo kwenye herufi za jina. Mshairi wa Kiswahili anapojitaja katika beti za tamati, anadai maneno yote yaliyotangulia kuwa yake. Wanunuzi huzisoma herufi za sonara kwa namna hiyohiyo, na hapo ndipo wanapokosea. Hester Bateman, mjane wa London, alisajili chapa yake ya HB mwaka 1761, akaendesha karakana pamoja na wanawe hadi 1790. Leo vijiko vyenye HB hutafutwa kana kwamba kila kimoja kilipita mikononi mwake. Chapa ile ilimtaja mwenye kuwajibika iwapo madini yangepungua ubora. Nyundo ilishikwa na nani, haisemi. Na wale walioishika, wanagenzi na vibarua, hawana herufi hata moja.

Wala chapa haijui yaliyotokea baada ya kugongwa. Katika karne ya 19 vijiko vingi vya karne ya 18, vilivyokuwa vitupu na vyenye mistari mizuri, vilinakshiwa matunda kwenye bakuli na kupakwa dhahabu ili vipendeze meza za wakati huo. Simba bado anasema kweli, mwaka bado ni wake, na kijiko kimeharibiwa. Vingine viligeuzwa uma, kwa kuwa uma za zamani ni adimu kuliko vijiko na bei yake ni kubwa. Anayesoma chapa peke yake atanunua uma huo kwa furaha.

Anayetazama umbo ataona kwamba meno ni membamba mno, kwa sababu bakuli la kijiko halikuwa na unene wa kutosha kuyatoa, na pengine, penye mwanga wa kutosha, ukingo wa bakuli lenyewe bado unaonekana pale meno yanapoanzia.